Mwandamo wa Idarusi

Mlango ulikuwa umefungwa, hilo hakuna anayelikataa. Kufuli lilikuwepo, tena kubwa, na watu walipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu na kanzu zao safi wakalikuta linawatazama. Yasiyo ya kweli ni yale yaliyoongezwa juu ya kufuli hilo. Si kweli kwamba mjane wa Idarusi aliwaita watu hitma kisha akawafungia nje ili pilau iliwe na ndugu zake. Si kweli kwamba aligombana na chama cha maziko. Na aliyeanzisha maneno kwamba binti yake, Sundus, aliiuza kazi ya marehemu baba yake kwa kijana wa mtaa wa Baba Dogo, alisema asilolijua. Kazi yenyewe haiuzwi. Hata angetaka kuiuza asingeweza, kwa sababu marehemu alikwisha kuitoa bure kwa ulimwengu mzima.

Ilivyokuwa ni hivi.

Idarusi bin Aqil alikuwa fundi wa mitambo ya simu, mzaliwa wa Pumwani kwa wazee waliotoka Lamu. Mitambo ya zamani ilipong'olewa naye akastaafishwa, wenzake walifungua vioski. Yeye alinunua kompyuta, akaiweka kwenye kona ya sebule yake mtaa wa California, Nairobi, akajifunza kuandika programu katika umri ambao wengine hujifunza kulala mchana. Programu aliyoiandika mwanzo hadi mwisho ni moja tu, akaiita Mwandamo. Kazi yake ilikuwa ndogo na ya lazima: ukiipa siku na saa kama tunavyozihesabu sisi, inakupa siku na saa kama kompyuta inavyozihesabu, na ukitaka kinyume chake, vilevile. Chama cha maziko kiliitumia kutuma ujumbe wa misiba na hitma, na madrasa zikaitumia kwa ratiba zao. Kisha Idarusi akaiweka mtandaoni, pale wanapoweka kazi zao waandishi wa programu huria, na sharti moja: chukua, tumia, rekebisha, ila jina la aliyeanza lisifutwe. Basi ikasambaa, na kila ilipofika, juu kabisa kulikuwa na jina Idarusi Aqil, Nairobi.

Programu ya namna hiyo haitaki mwenye mali. Inataka mlezi. Kompyuta zinabadilika, simu zinabadilika, watu wanaleta malalamiko na marekebisho, na lazima awepo mtu wa kusoma, kupima, kukubali au kukataa. Idarusi alifanya hivyo kila alfajiri baada ya sala mpaka figo zilipomshinda. Alipoanza kwenda hospitali kuoshwa damu, malalamiko yakaanza kulundikana. Alipofariki yakaendelea kulundikana, kwa sababu huko mtandaoni hakuna matanga.

Sundus alikuwa na ufunguo wa programu hiyo, yaani ruhusa ya kuigusa. Baba yake alikwisha kumweka kuwa mlezi wa pili tangu alipokuwa chuo, naye alicheka siku ile akamwambia, "Baba, unanirithisha shamba au saa ya ukutani?" Baada ya chuo alipata kazi katika kampuni ndogo inayoandika programu za maduka ya dawa, akawa anarudi nyumbani amechoka, na ule ukurasa wa baba yake hakuufungua. Hakuogopa kazi. Aliogopa kuiona picha yake ndogo pale pembeni, mzee na kofia yake ya vito iliyodariziwa kwa mkono, akitabasamu kama mtu anayetarajiwa kujibu wakati wowote.

Kilichomfanya aufungue ni swali la mtu mmoja. Liliandikwa hadharani, na mwandikaji alijiita Gachanja, wa Baba Dogo.

"Hii package ilikufa na mwenyewe ama? Nimeuliza kitu moja tangu mwaka jana. Kama hakuna mtu, nitai-copy nianze yangu."

Sundus alilisoma akiwa kazini. Akaandika: "Mwenyewe alikufa. Package iko hai. Sema shida yako."

Jibu lilikuja kabla hajaondoa mkono.

"Woi. Pole sana. Haki sikujua. Nisamehe, dada."

Kisha, mstari wa chini yake: "Lakini shida bado iko."

Na shida ilikuwa kweli. Gachanja alikuwa akitengeneza ratiba za zamu za vibarua wa viwanda vya Industrial Area. Watu wale hawaambiani saa kumi na tisa, wanaambiana saa moja ya usiku, ndiyo maana aliichukua Mwandamo. Saa zilitoka sawasawa. Siku ndiyo iliyomtesa. Kila zamu ya usiku ilirushwa siku moja, mtu wa Alhamisi anaandikiwa Ijumaa, na akina mama wanaofunga maboksi usiku walikuwa wakifika getini wakiambiwa na mlinzi kwamba wameshapitwa. Gachanja alikwisha kuandika rekebisho, mistari michache tu, likakaa pale bila wa kulikubali.

Sundus aliketi nalo mwisho wa wiki mzima. Akaona kwamba programu ya baba yake ilikuwa ikibadilisha siku jioni, saa kumi na mbili, badala ya saa sita ya usiku. Akatabasamu kwa huzuni. Kosa la aina hiyo alilijua. Kati ya saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta kuna tofauti ya saa sita, na kila anayeandika programu ya saa zetu lazima wakati fulani azitoe au aziongeze. Ukizitoa mahali ambapo zilikwisha kutolewa, siku yako itapinduka jioni badala ya usiku wa manane. Yeye mwenyewe aliwahi kukosea hivyo chuoni. Kumbe na Baba.

Kulikuwa na jambo lililopasa kumsimamisha. Idarusi alikuwa ameacha ndani ya programu majaribio, yaani maswali na majibu ambayo programu hujiuliza yenyewe kila inapoguswa, ili ijue kama imeharibika. Jaribio moja liliuliza: Alhamisi jioni, jua limekwisha kuzama, je, ni siku gani? Na jibu alilolitaka Idarusi lilikuwa Ijumaa. Rekebisho la Gachanja lilipoingia, jaribio hilo likapiga kelele nyekundu ya kushindwa.

Sundus alilitazama kwa muda. Akafikiri, maskini Baba, alikosea mpaka kwenye jibu. Akalifuta Ijumaa akaandika Alhamisi. Nyekundu ikawa kijani. Akalikubali rekebisho, akatoa toleo jipya, ambalo mitambo inayoitumia Mwandamo hulichukua yenyewe, akaandika kwamba mlezi sasa ni yeye. Pongezi zikamiminika kutoka kwa watu asiowajua. Gachanja akaandika, "Umeokoa watu, si mchezo." Jioni ile alimwambia mama yake kwamba kazi ya Baba imefufuka, na mama yake, Mwalimu Lela, aliyefundisha historia sekondari miaka mingi na hasifii ovyo, alisema, "Vizuri. Usiiharibu tu."

Mwaka wa Idarusi ukatimia. Mwalimu Lela aliazimia hitma iwe usiku wa Ijumaa, yaani jua la Alhamisi likizama, kama walivyosomewa wazee wake na wazee wa Idarusi wote. Majirani wa karibu aliwaambia kwa mdomo. Wengine, wale wa chama, wa Pumwani, wa Eastleigh na Shauri Moyo, aliwatumia ujumbe kwa ule mtambo wa chama, kama alivyowatumia wengine kwa misiba yao tangu mumewe angali hai. Akaingiza Ijumaa, saa moja ya usiku, akatuma. Hakuwa na sababu ya kusoma kilichotoka upande wa pili. Kilikuwa hakijawahi kutoka kibaya.

Alhamisi hiyo sebule ilitolewa viti, ikatandikwa mikeka. Sufuria za kukodi zilipanda ngazi zikisukumwa na mabega ya wanaume wawili. Pilau ilipikwa, kaimati zikakaangwa, kahawa ya tangawizi ikawekwa kwenye mabirika. Magharibi ikaadhiniwa. Akaja ustadhi na wanafunzi wake, wakaja majirani wa ngazi ile, akaja Bi Shamis mwenye duka la vitambaa chini ya jengo. Kisha hakuja mtu. Mikeka ya katikati ilibaki mitupu. Ustadhi alisubiri kwa adabu, akatazama saa yake kwa adabu, akaanza Yasini.

Sundus alimtazama mama yake akiwa mlangoni, mgongo umenyooka, macho kwenye ngazi. Watu walipoondoka alisema neno moja tu, akifunika sufuria iliyojaa.

"Kwa hiyo Idarusi hakuwa mtu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Sijasema mimi. Wamesema wao."

Asubuhi pilau ilipelekwa msikitini. Sundus alikwenda kazini. Alasiri Mwalimu Lela alitia nguo kwenye mkoba, akazima simu, akafunga kufuli, akaenda kwa mdogo wake anayekaa Komarock. Mtu aliyedharauliwa ana haki ya kwenda kwa ndugu yake. Sundus alimfuata huko kutoka kazini, akaona asimwache peke yake.

Na jioni hiyo, ya Ijumaa, watu wakaja.

Walirudi nyumbani Jumamosi, na Bi Shamis aliwawahi kabla hawajafika ngazini. Alitoka dukani na futi yake ya kupimia bado iko shingoni.

"Abaayo, dada yangu, umenifanya nini? Mimi ndiye nilikuwa nawajibu!"

"Umewajibu akina nani?"

"Watu! Watu wa hitma! Ngazi imejaa mpaka huku kwangu. Wazee na kanzu, akina mama na mabuibui, mwingine amebeba sukari, mwingine halwa. Wanapanda, wanashuka. Juu kufuli, simu imezimwa. Nimewaambia hitma ilikuwa jana, wananiambia mimi ndiye mwongo, wananionyesha simu zao."

"Simu zao zina nini?"

"Zina Ijumaa, kwani zina nini? Mzee mmoja amesema, 'Alipika, akala, akafunga.' Mimi nikamwambia shika adabu yako, nilikula mimi mwenyewe pilau hiyo na ilibaki tele. Akasema basi hiyo iliyobaki iko wapi?"

Mwalimu Lela alinyoosha mkono. "Nionyeshe."

Bi Shamis alikuwa naye kwenye orodha ya chama, ila hakuwa amefungua ujumbe kwa sababu alialikwa kwa mdomo. Akaufungua sasa. Ulikuwa umeandikwa Ijumaa na tarehe yake ya ofisini, saa moja jioni. Mwalimu Lela aliusoma, akausoma tena.

"Mimi niliingiza Ijumaa, saa moja ya usiku. Miaka yote nikiingiza hivyo, watu wanapata Alhamisi jioni, na wanakuja Alhamisi jioni. Nani amegusa?"

Hapo Sundus akakumbuka. Aliona lile jaribio jekundu, akajiona akilibadilisha kuwa kijani.

"Mimi," akasema.

Walipanda juu, wakafunga mlango. Mwalimu Lela aliketi kwenye kiti cha kompyuta, kile cha marehemu.

"Niambie ulichofanya. Kwa maneno ya watu, si ya mashine."

Sundus akamwambia yote: siku iliyokuwa ikipinduka jioni, saa sita zilizotolewa mara mbili, jibu la baba yake alilolisahihisha.

"Jua likizama Alhamisi, ni siku gani?"

"Mama..."

"Nakuuliza wewe uliyezaliwa nyumba hii. Tarawehe ya kwanza unaisali lini?"

"Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya mfungo."

"Kabla hujafunga. Kwa nini?"

"Kwa sababu siku inaanza magharibi," Sundus akasema. Alilijua jambo hilo tangu utoto, ila alilijua la Ramadhani tu, kama nguo ya Idi inayotolewa kabatini mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote aliishi kwa kalenda ya ofisini.

"Baba yako hakutoa kitu mara mbili," mama yake alisema. "Na wewe ukamtia alama ya mkosaji mbele ya dunia nzima. Sasa fungua hiyo mashine, utoe jina lake. Huyo wa Baba Dogo aichukue, aiite atakavyo. Sitaki watu wakipotea njia wakute Idarusi ameandikwa juu ya kibao."

Hilo ndilo lililomnyima Sundus raha siku ile na iliyofuata. Kulitoa jina ilikuwa rahisi. Lakini akilitoa, basi neno la mwisho juu ya baba yake lingekuwa kwamba hakujua kuhesabu siku. Na akirudisha programu ilivyokuwa, wale akina mama wa zamu ya usiku wangerudi kusimama getini. Akampigia Gachanja, ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, akamweleza. Gachanja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mathe yuko home? Nikuje niseme pole mwenyewe?"

Alikuja Jumapili mchana, kijana mrefu, viatu ameviacha mlangoni bila kuambiwa. Mwalimu Lela alimpa chai na akamwacha ainywe kidogo kabla ya kumtazama.

"Wewe ndiye uliyesema mume wangu alikosea kuhesabu."

"Mwalimu, sikusema amekosea. Nilisema siku inaruka."

"Yako inaanza lini?"

"Saa sita usiku."

"Nani alikwambia?"

Gachanja alifikiri kwa dhati. "Simu," akasema.

Sundus alijizuia kucheka akashindwa, chai ikamwingia puani. Hata mama yake alitazama dirishani kidogo.

"Kwenu Baba Dogo, jua likizama, likipita muda kidogo, mnasema saa ngapi?"

"Saa moja."

"Ya kwanza hiyo. Kabla yake mlikuwa mmefika kumi na mbili. Mbona mnaanza moja upya jioni, kama hakuna kilichoanza?"

Gachanja alitazama mikono yake kama mtu aliyegundua ana kidole cha ziada. "Ai. Nimesema saa moja maisha yangu yote," akasema polepole.

"Idarusi aliianzisha siku pale saa zinapoanza. Hakuna alichokosea."

"Sawa, Mwalimu. Lakini sasa hawa wamama wangu?" Hakuuliza kwa ubishi. "Mkirudisha ya mzee, mlinzi wa geti hajui magharibi. Anajua karatasi. Mama akikosa zamu, watoto wanalala njaa."

Mwalimu Lela akaijaza tena bilauri ya mgeni. Sundus aliwaona wote wawili, kila mmoja na siku yake nzima, isiyo na kasoro, na akaona kosa lilipokuwa. Halikuwa kwa baba yake, wala kwa Gachanja. Programu ilikuwa ikikisia. Ilikisia vizuri wakati watumiaji wake wote walikuwa watu wa nyumba moja, na sasa ilikuwa imefika mbali.

"Isikisie," akasema. "Iulize. Anayeitumia aseme siku yake inaanza magharibi au saa sita ya usiku. Asiposema, isimpe siku yoyote. Ikatae."

Gachanja akashika kichwa. "Ikatae? Sundus, utavunja kila mtu! Program za watu zitasimama. Watakutusi mpaka uchoke."

"Afadhali zisimame kuliko ziwapeleke watu kwenye kufuli."

Mama yake aligeuka kumtazama. Suala la kulitoa jina halikutajwa tena siku ile.

Walifanya kazi pamoja mpaka adhana ya alasiri, na wiki iliyofuata Sundus alimaliza peke yake. Lile jaribio alilirudisha neno kwa neno: Alhamisi, jua limezama, siku yaanza magharibi, jibu Ijumaa. Chini yake akaweka la Gachanja: siku yaanza saa sita ya usiku, jibu Alhamisi. Kisha akaandika tangazo, na mama yake akalisoma kabla halijatoka, akaondoa maneno mawili ya kujikomba. Lilisema kwamba toleo lililopita lilikuwa na kosa, kwamba kosa ni la mlezi mpya, na kwamba Idarusi Aqil alikuwa sahihi tangu mstari wa kwanza. Huko mtandaoni hakuna kinachofutika. Atakayefukua ataona nani aliandika nini na lini, na ataona pia nani alikiri. Sundus alitia sahihi jina lake kamili, Sundus Idarusi, kwa hiyo hata kosa lilibeba jina la baba yake. Lakini lilibeba pia jina la aliyelisahihisha.

Matusi yalikuja, kama alivyoahidiwa. Wapo waliohama. Wengi walinung'unika, wakajaza jibu, wakaendelea. Chama cha maziko kilijaza magharibi. Ratiba za Industrial Area zilijaza saa sita ya usiku, na akina mama wakaingia getini siku zao.

Hitma ilisomwa tena. Safari hii Mwalimu Lela aliusoma ujumbe kabla na baada ya kutuma. Jua la Alhamisi lilipozama ngazi ilijaa mpaka dukani kwa Bi Shamis, aliyesimama chini akiwaelekeza watu kama askari wa barabarani: "Pandeni, pandeni, leo hakuna kufuli!" Yule mzee wa "alipika, akala, akafunga" alikuja pia. Mwalimu Lela alimpakulia kwa mkono wake sinia lililofurika, akakaa mbele yake mpaka amalize, kisha akamuuliza kama imetosha. Mzee alisema imetosha. Gachanja alikuja na kofia ya kuazima iliyomkalia juu ya kichwa kama kifuniko cha birika, akabeba sufuria kupanda na kushuka. Dua iliposomwa, jina la Idarusi lilitajwa mbele ya mikeka iliyojaa.

Hiyo ndiyo habari ya kufuli, na ndiyo habari ya kazi ya Idarusi. Haikuuzwa, haikuibwa, ina mlezi, na mlezi ni binti yake.

Sasa wako wanaouliza mbona kijana wa Baba Dogo bado anaonekana kwenye ngazi ile kila Jumapili, hali programu imekwisha kutengemaa, na mbona siku hizi anakuja na kofia yake mwenyewe. Mjane wa Idarusi ameulizwa dukani, ameulizwa msikitini, ameulizwa hata kwenye simu na watu wa Lamu. Yaliyowahusu watu wameambiwa. Hilo haliwahusu, na hasemi.